Serowe: Mji wa Shule Iliyojengwa na Wanafunzi Wake

Reli itokayo Mafikeng kwenda Bulawayo huipita nchi ya Botswana upande wa mashariki, toka kusini hata kaskazini, na katikati ya safari hiyo ndefu kuna mahali paitwapo Palapye. Msafiri aendaye Serowe huiacha reli hapo akashika barabara ya magharibi, mwendo wa maili 30 hivi. Nchi ni tambarare na udongo wake ni mchanga. Miti yake ni ya miiba, pamoja na ile iitwayo mopane, ambayo majani yake yamegawanyika mawili mawili kama mabawa ya kipepeo, na jua likiwa kali hujikunja ili yasikauke. Mito ipo, lakini sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Mkulima wa Nyeri au wa Kisii akiiona nchi hiyo kwa mara ya kwanza hana budi kuuliza watu wake wanaishije. Jibu lake ni ng'ombe, mtama na subira.

Kisha hutokea vilima vya mawe, na chini yake mji wa Serowe umetandazwa mbali sana, kwa maana Watswana tangu zamani hupenda kukaa pamoja katika miji mikubwa. Kwa desturi, mtu alikuwa na makao matatu: nyumba mjini, shamba la mtama mwendo wa siku moja au zaidi, na kituo cha ng'ombe mbali zaidi kuliko shamba. Mvua zilipoanza watu walihamia mashambani, na mavuno yakiisha walirudi mjini. Vijana wa kiume walikaa na ng'ombe porini miezi mingi, na kwa sababu hiyo wengi wao walikosa shule. Nyumba za zamani zilikuwa za mviringo, zimeezekwa kwa nyasi, na mbele ya kila nyumba palikuwa na ua uliozungushiwa ukuta wa udongo uliosilibwa na wanawake kwa mikono yao. Leo nyingi zimepisha nyumba za matofali na mabati, lakini ua uliofagiwa vizuri bado ni fahari ya mama mwenye nyumba.

Mji huo ulianzishwa mwaka wa 1902, wakati Khama wa Tatu, mtawala wa Wangwato, alipowahamisha watu wake kutoka makao yao ya zamani kwa sababu ya uhaba wa maji. Khama alifariki mwaka wa 1923, akazikwa juu ya kilima kilicho katikati ya mji, na juu ya kaburi lake pamewekwa sanamu ya shaba ya funo, mnyama aliye alama ya kabila hilo. Chini ya kilima ndipo palipo na baraza kuu, liitwalo kgotla, uwanja uliozungukwa na magogo yaliyosimamishwa kwa umbo la mwezi mchanga. Hapo mambo ya watu yalijadiliwa, na kila mwanamume aliruhusiwa kusema neno lake mbele ya mtawala.

Tena iko desturi moja ambayo ni lazima msomaji aijue, kwa kuwa pasipo hiyo habari za shule hazitaeleweka vema. Vijana wa Wangwato waliingizwa katika rika, na kila rika lilikuwa na jina lake na mkuu wake. Mtawala akitaka bwawa lichimbwe, au barabara isafishwe, au jengo lijengwe, aliita rika, nao hawakuwa na hiari ya kukataa. Katika miaka ya 1940 Tshekedi Khama, aliyekuwa akitawala kwa niaba ya mpwa wake Seretse, aliziita rika kwenda kujenga chuo cha Moeng katika milima ya Tswapong, mashariki ya Palapye. Chuo kilijengwa, nacho ni kizuri. Lakini watu walinung'unika, maana waliacha mashamba na ng'ombe wao kwa muda mrefu, wala hawakulipwa. Basi katika nchi hiyo kazi ya pamoja ilikuwa na sura mbili katika kumbukumbu za watu: heshima ya kujenga pamoja, na uchungu wa kuamrishwa.

Hapo ndipo alipofika, mwaka wa 1962, mtu aliyeitwa Patrick van Rensburg. Alizaliwa Durban mwaka wa 1931, akaingia katika utumishi wa serikali ya Afrika ya Kusini, akapelekwa kuwa ofisa wa ubalozi mdogo wa nchi hiyo mjini Leopoldville katika Kongo. Mwaka wa 1957 alijiuzulu kwa sababu hakuweza kuendelea kuitetea siasa ya ubaguzi wa rangi. Alikuwa miongoni mwa wale waliohimiza watu wa Uingereza mwaka wa 1959 wasinunue bidhaa za Afrika ya Kusini, na baadaye akalazimika kuikimbia nchi aliyozaliwa. Alipofika Serowe pamoja na mkewe Liz, hakuwa na fedha nyingi, ila alikuwa na nia ya kuanzisha shule.

Shule ilihitajiwa sana. Nchi ile, ambayo wakati huo iliitwa Bechuanaland na ilikuwa chini ya Uingereza, ilikuwa mojawapo ya nchi maskini kabisa duniani. Barabara za lami zilikuwa kilomita chache tu. Wanaume wengi walikwenda kuchimba dhahabu katika migodi ya Afrika ya Kusini ili wapate kodi na nguo za watoto. Shule za sekondari zilihesabika kwa vidole, na kwa kila mtoto mmoja aliyepata nafasi walibaki wengi waliofaulu lakini hawakuwa na pa kwenda. Juu ya hayo yote ukaja ukame mkali wa katikati ya miaka ya 1960, ukaua ng'ombe wengi sana.

Shule ya Swaneng Hill ilifunguliwa mwezi wa Februari mwaka wa 1963, pembeni mwa mji, chini ya kilima kilichoipa jina lake. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wapatao 30. Majengo yalikuwa machache mno. Hapakuwa na ukumbi, wala mabweni ya kutosha, wala fedha za kumlipa mwenye kandarasi. Basi van Rensburg aliwaambia wanafunzi jambo ambalo hawakulitazamia, kwamba shule hiyo wataijenga wenyewe. Walimu, pamoja na vijana wa kujitolea waliokuja kutoka Ulaya na Marekani, walishika sepetu pamoja nao, na mkuu wa shule mwenyewe hakubaki ofisini. Asubuhi palikuwa na hesabu na Kiingereza, na saa nyingine, hasa mwisho wa juma, palikuwa na kuchimba misingi, kubeba mchanga, kupiga matofali na kupandisha kuta.

Yafaa kuieleza vizuri sababu yake, maana haikuwa umaskini peke yake. Van Rensburg alifikiri hivi: mtoto mmoja akisomeshwa katika nchi maskini, gharama yake hulipwa na wengi ambao watoto wao hawasomi. Mchunga ng'ombe aliye porini analipa kodi, na kodi hiyo inamlipa mwalimu ambaye mtoto wa mchunga ng'ombe hatamwona kamwe. Kwa hiyo mwanafunzi ana deni. Akikaa miaka mitano akisoma vitabu tu, akihudumiwa na kupikiwa, atatoka akiamini kwamba elimu ni tuzo aliyostahili, na nchi imewekwa ili imtumikie. Lakini akijenga kwa mikono yake chumba ambacho mwenzake atakisomea mwakani, atajua kwamba naye alipewa. Wajibu haufundishwi kwa hotuba, bali kwa kukabidhiwa kitu ambacho kisipofanywa kitaonekana hakikufanywa. Ukuta uliopinda humhukumu aliyeujenga kila siku apitapo mbele yake.

Katika miaka ya kwanza mpango huo ulikwenda vema. Wanafunzi waliona jengo likipanda, na jioni waliona kazi yao ya mchana. Waliokuja baadaye walionyeshwa madarasa na wale waliotangulia kuyajenga. Palizuka pia somo jipya lililoitwa masomo ya maendeleo, ambalo ndani yake wanafunzi walichunguza kwa nini nchi moja ni maskini na nyingine tajiri, chama cha ushirika huendeshwaje, na kilimo cha nchi yao kina kasoro gani. Hivyo aliyekuwa akichanganya saruji alipata nafasi ya kujiuliza kwa nini anaichanganya. Mjini Serowe kwenyewe, van Rensburg alisaidia kuanzisha duka la ushirika, ili wananchi wanunue vitu katika duka lililo mali yao.

Mwaka wa 1965 shule iligeukia wale waliokosa nafasi. Vijana waliomaliza shule ya msingi na kukosa sekondari walikusanywa katika kikosi cha waashi. Waliitwa wanafunzi, lakini sehemu kubwa ya juma walikuwa kazini pamoja na fundi, na sehemu ndogo darasani. Walijenga nyumba na madarasa kwa malipo, na malipo hayo yalisaidia kulipia mafunzo yao wenyewe. Baada ya waashi vikafuata vikosi vya wakulima, maseremala, wafumaji, watengenezaji wa ngozi na mafundi wa magari. Mpango huo ulienea katika miji mingine ya Botswana, nchi hiyo ilipokwisha kupata uhuru tarehe 30 Septemba 1966. Shule nyingine za namna ya Swaneng zilifunguliwa Tonota na Mahalapye.

Msomaji wa Kenya ataona kwamba mambo hayo si mageni kwake. Miaka hiyo hiyo wananchi wa Kenya walikuwa wakijenga shule za Harambee kwa mikono yao. Mwaka wa 1966 Baraza la Wakristo la Kenya lilitoa taarifa iliyouliza mtoto aende wapi baada ya shule ya msingi, na kutokana na swali hilo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Tanganyika na Unguja zilikuwa zimekwisha kuungana kuwa Tanzania, na mwaka wa 1967 Tanzania ikatangaza siasa ya Elimu ya Kujitegemea. Lakini iko tofauti moja. Katika Harambee waliojenga ni wazazi, na mtoto aliingia katika jengo lililokwisha. Huko Swaneng mjenzi alikuwa mwanafunzi mwenyewe. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini ndiyo iliyoleta shida.

Maana shida ilikuja. Wanafunzi wa kwanza walijenga paa la kuwafunika wao wenyewe, kwa hiyo hawakuhitaji kuambiwa faida yake. Waliofuata walikuta mapaa yamesimama. Walipoambiwa washike sepetu kila juma, wengi walianza kuuliza kazi hiyo ni ya nani. Iliitwa kazi ya hiari, lakini asiyefika aliulizwa sababu, na mwanafunzi si mjinga: hiari yenye kuulizwa sababu aliifahamu ni kitu gani. Babu zao walikuwa wameitwa na mtawala kwa jina la rika. Je, hii haikuwa rika kwa jina jingine, na mtawala mwenyewe mgeni aliyetoka ng'ambo ya mpaka?

Wazazi nao walikuwa na neno lao, na neno hilo halikuwa dogo. Baba aliyeuza ng'ombe wakati wa ukame ili mwanawe asome sekondari hakumpeleka akajifunze kubeba mchanga. Kubeba mchanga alikujua tangu utotoni. Alimpeleka ili atoke katika mchanga. Na nchi ilikuwa ikiwaita vijana hao kwa sauti kubwa. Uhuru ulikuwa umefika, Waingereza walikuwa wakiondoka, na serikali mpya ilihitaji makarani, walimu, maofisa na waganga. Mwaka wa 1967 almasi iligunduliwa huko Orapa, na mwaka wa 1971 mgodi ulifunguliwa, fedha zikaanza kuingia. Kijana aliyekuwa na cheti cha sekondari alijua kwamba meza inamngoja mjini Gaborone. Cheti hicho kilitolewa kwa mtihani, na mtihani haukuuliza mtu amejenga kuta ngapi. Saa moja ya kupiga matofali ilikuwa saa moja iliyopunguzwa katika kusoma. Karani asomaye habari hii na akumbuke usiku wake mwenyewe wa kuamkia mtihani kabla ya kuwahukumu.

Palikuwa na jambo jingine lililouma zaidi. Chini ya kilima kile kile walikaa vijana wa namna mbili, wenye umri ulio karibu. Wa sekondari walijenga kwa saa chache na walitazamia ofisi. Wa vikosi walijenga karibu juma zima na walitazamia mwiko wa mwashi. Shule iliyoanzishwa ili kuondoa matabaka ilijikuta ina matabaka mawili ndani ya ua wake. Wa vikosi waliona kwamba kazi ya mikono imehubiriwa kwa wote lakini imeachiwa wao, na wengi wao, kama wangepewa nafasi, wangeiacha siku hiyo hiyo wakaingie darasani.

Ni sifa ya van Rensburg kwamba hakuyaficha mambo hayo. Aliandika kitabu juu ya shule yake, kilichotolewa Sweden mwaka wa 1974, naye alisimulia humo mafanikio pamoja na kushindwa, wala hakuwatupia wanafunzi lawama yote. Aliona kwamba shule moja haiwezi kufundisha usawa huku mishahara ya nchi nzima ikifundisha kinyume. Hata hivyo hakuacha kuamini kwamba masomo na kazi havipaswi kutenganishwa. Alikuwa amekwisha kuanzisha, mwaka wa 1969, chama cha watu wazima maskini wa Serowe kilichoitwa Boiteko, maana yake kujitahidi, ambamo watu walilima bustani, walifinyanga vyungu na kufuma pamoja. Bessie Head, mwandishi mashuhuri wa vitabu aliyehamia Serowe kutoka Afrika ya Kusini mwaka wa 1964, alifanya kazi katika bustani hiyo. Alipoandika kitabu chake juu ya historia ya mji huo, kilichotolewa mwaka wa 1981, alimweka van Rensburg pamoja na Khama na Tshekedi, kama mtu wa tatu aliyeubadili mji.

Mwaka huo huo wa 1981 van Rensburg alipewa huko Sweden tuzo la kimataifa liitwalo Right Livelihood. Mwaka wa 1984 alianzisha gazeti la Mmegi, ambalo lilikua likawa mojawapo ya magazeti makubwa ya Botswana. Alifariki mwaka wa 2017. Shule ya Swaneng Hill ilichukuliwa na serikali, nayo ingali inasomesha vijana wa Serowe kama shule nyingine za sekondari za nchi hiyo. Vikosi navyo, baada ya miaka mingi ya kujiendesha vyenyewe, viliwekwa chini ya serikali.

Mtu aweza kusema, basi, kwamba jambo lile lilishindwa. Lakini hukumu hiyo ni ya haraka. Mamia ya vijana ambao wangerudi kwenye kituo cha ng'ombe, au kwenda migodini, walipata ufundi wa kuwalisha. Nyumba walizozijenga zilikaliwa. Na wale waliokwenda ofisini, hata walionung'unika, walikuwa wamekwisha kushika sepetu pamoja na mwalimu wao, jambo ambalo karani mwingine hakupata kulifanya. Hakuna awezaye kupima ni wangapi kati yao walimtazama mchunga ng'ombe aliyesimama mbele ya dirisha lao wakakumbuka deni.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi naye ni mgeni: hula mtama asioulima, hulala chini ya paa lililolipiwa na wengine. Wenyeji wema hawakosi kumkaribisha, lakini jembe nalo lina wakati wake, na hapo ndipo ugumu ulipo. Akipewa mapema mno, au kwa amri, huliona kuwa adhabu, naye hulitupa siku ya kwanza atakapokuwa na uwezo wa kulitupa. Asipopewa kabisa, atabaki mgeni maisha yake yote, hata akiwa mkubwa wa ofisi katika nchi yake mwenyewe. Walioanza Swaneng walilichukua jembe kwa furaha kwa sababu waliona shamba ni lao. Mzazi, mwalimu au mwanakamati wa shule atakaye vijana wenye kujua wajibu, na aanze hapo. Kabla ya kuwauliza vijana kwa nini hawataki kufanya kazi ya wote, ajiulize kama amewapa kitu ambacho wanaweza kukiita chao.

Jioni upepo huvuma kutoka upande wa jangwa, na vumbi la barabara ya Palapye hupanda juu ya miti ya miiba. Chini ya kilima cha Swaneng kengele hulia, na vijana waliovaa sare huingia darasani kama vijana wa shule yoyote. Yamkini wengi wao hawajui majina ya wenzao wa mwaka wa 1963 waliochimba msingi wa kwanza katika mchanga ule. Lakini wakitaka kujua, hawana haja ya kwenda mbali, kwa maana kazi ya wenzao hao ndiyo mwanzo wa shule wanayoingia.